Kupanda SGR Mkonze, Dodoma: mwongozo kamili kwa anayesafiri na mzee, mtoto au mzigo

Mama yangu mkubwa alikuwa amekaa barazani kwake Kikuyu, Dodoma, sinia la karanga mapajani, anachambua punje mbovu kabla ya kufunga zawadi za wajukuu wa Dar es Salaam, na wakati huo treni yake ilikuwa imeshaiacha stesheni ya Igandu nyuma. Tiketi nilimkatia mimi. Ujumbe nilimtumia mimi: "Shikamoo mama. Safari ni kesho 08:15." Yeye akasoma saa nane na robo, akajua ni mchana, akalala kwa amani. Nilipompigia saa tatu asubuhi kumuuliza kama amekaa vizuri, akanijibu, "Nimekaa vizuri mwanangu, nipo barazani."

Tiketi nyingine ilinunuliwa na safari ikafanyika. Lakini tangu siku ile, ndugu yeyote anayesafiri kutoka Dodoma namwandikia maelekezo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na haya hapa ndiyo maelekezo yenyewe. Nimegundua kwamba kinachotuangusha si ugeni wa treni, ni kuingia stesheni na mazoea ya stendi. Stendi ina mpiga debe anayekutafuta wewe, ina konda wa kukusubiri umalize chai, na basi likishaondoka unaweza kulikimbiza na bodaboda ukalikuta mbele limesimama linapakia. Stesheni ina saa, jina na geti. Ukiviweka sawa hivyo vitatu, kilichobaki ni safari nzuri kuliko zote unazoweza kuzipata kati ya Dodoma na Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Zitofautishe stesheni mbili

Dodoma ina stesheni mbili. Ya zamani ipo katikati ya mji, kwenye Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Upana wa reli ile ni mita moja.

Ya SGR, reli mpya ya kisasa ya umeme, ipo Mkonze, pembezoni mwa jiji. Upana wa reli yake ni milimita 1,435, kwa hiyo treni ya reli moja haiwezi kupita kwenye nyingine, na hakuna treni ya SGR itakayokuja kukuchukua pale mjini. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza tarehe 25 Julai 2024, na tarehe 1 Agosti mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi. Stesheni ya Dodoma imepewa jina la Rais huyo, kama ile ya Dar es Salaam ilivyopewa jina la John Pombe Magufuli na ya Morogoro la Jakaya Kikwete.

Kwa hiyo ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke stesheni" ukanyamaza, unaweza kushushwa mjini. Sema maneno yote: "Stesheni ya SGR, Mkonze." Mgeni wako mwandikie hivyo kwenye simu yake amwonyeshe dereva.

Hatua ya 2: Chagua treni inayosimama unakokwenda

Kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam stesheni zimepangana hivi: Igandu, Gulwe, Kidete, Kilosa, Mkata, Morogoro, Ngerengere, Ruvu, Soga, Pugu, kisha Dar es Salaam. Upande wa pili, kuelekea magharibi, kuna Bahi na Makutupora.

Treni ya haraka inaziruka nyingi kati ya hizo, ya kawaida inasimama zaidi. Kwa anayekwenda Dar moja kwa moja tofauti ni nauli na muda. Kwa mtu wa Mpwapwa anayetaka kushuka Gulwe, au wa Kilosa, tofauti ni kufika au kupitishwa kwao huku anachungulia dirishani. Kabla hujalipa, angalia kama stesheni yako imo kwenye orodha ya treni uliyoichagua.

Utasikia watu wakisema "nimepata mchongoko". Hiyo ni treni ya umeme ya mabehewa manane yaliyounganishwa moja kwa moja, pua yake imechongoka mbele na nyuma. Ilianza kubeba abiria tarehe 1 Novemba 2024. Nyingine ni treni ya kichwa na mabehewa, nayo ya umeme. Zote zimetengenezewa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo usimkatishe mzee safari ya mchana inayomfaa ili tu apande mchongoko wa usiku. Mzee anataka kufika kungali mwanga.

Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huduma ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, Dodoma hadi Dar es Salaam. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, wa chini ya miaka 4 halipi. Treni ya haraka na madaraja ya juu ni ghali zaidi, na bei ya siku yako utaiona unapokata tiketi.

Jambo moja la Dodoma ambalo mgeni halijui: Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na Ijumaa za miezi hiyo nusu ya mji inataka kwenda Dar. Ongeza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wanapofungua na kufunga chuo, ongeza Desemba. Nyakati hizo tiketi ikatwe siku kadhaa kabla. Siku nyingine za kawaida, hasa katikati ya wiki, hakuna sababu ya wasiwasi.

Hatua ya 3: Kata tiketi kwa jina la kwenye kitambulisho

Tiketi unaikata kwenye tovuti ya Shirika la Reli, TRC, au kwenye dirisha la tiketi stesheni. Kwenye tovuti unachagua unakotoka na unakokwenda, tarehe, treni, behewa na kiti, unajaza majina, kisha unapewa namba ya malipo. Namba hiyo unailipia kwa simu kama unavyolipia huduma nyingine za serikali, na ina muda wake: ukiiacha ukaenda kuoga na kula, kiti kinaweza kurudi sokoni. Anayekwambia umtumie pesa kwenye namba yake binafsi ili "akushikie kiti" mwache. Hakuna kiti kinachoshikwa hivyo.

Sasa jina. Wengi tunaharakisha hapa, kisha tunakwama getini. Nyumbani tunamwita mama Eliza, majirani wanamwita Mama Neema, kadi yake ya NIDA imeandikwa Elizabeti, na kadi ya mpiga kura imeandikwa Elizabeth. Tiketi inafuata kile kitambulisho atakachokibeba siku hiyo, herufi kwa herufi. Mwambie akitoe, akupigie picha au akusomee polepole, uandike ukikitazama. Kitambulisho kinaweza kuwa cha NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Mtoto abebewe cheti cha kuzaliwa, au angalau nakala yake, maana mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye mwili mkubwa utaulizwa umri wake.

Kwenye kiti, mchagulie mzee kilicho karibu na mlango na choo, usimpeleke katikati ya behewa kwa sababu ya dirisha. Mkiwa wawili chagueni viti vya jirani mapema, kwa sababu kila mtu anakaa palipoandikwa kwenye tiketi yake. Kumwomba mwenzako ahame inawezekana, lakini ni ombi, na anaweza kukataa.

Tiketi ikishakuja, usiiache kwenye simu yako wewe uliyeikata. Kama msafiri ana simu ya kioo, mtumie na umwambie aihifadhi kama picha, isitegemee bando. Kama ana kitochi, nenda steshenari yoyote mtaani uichapishe kwenye karatasi, uikunje mara moja tu ili ule mchoro wa miraba unaosomwa na mashine usikatwe na mkunjo. Mimi namchapishia mama mkubwa nakala mbili: moja kwenye pochi na kitambulisho, nyingine kwenye begi.

Hatua ya 4: Tafsiri saa ya tiketi kabla hujamwambia mtu

Tiketi inaandika saa za mzunguko wa 24, kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Njia ni kutoa sita:

08:15 ni saa 2:15 asubuhi.
09:30 ni saa 3:30 asubuhi.
14:10 ni saa 8:10 mchana.
17:50 ni saa 11:50 jioni.

Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Kwa hiyo 19:20, ukitoa sita unapata 13:20, ukitoa kumi na mbili unapata saa 1:20 usiku. Kwa saa za chini ya sita, ongeza sita badala ya kutoa: 04:30 ni saa 10:30 alfajiri, 05:15 ni saa 11:15 alfajiri. Saa ngumu kuliko zote ni zinazoanza na 06 na 18, kwa sababu ukitoa sita unabaki na sifuri au kumi na mbili. Kumbuka tu kwamba 06:15 ni saa 12:15 asubuhi na 18:15 ni saa 12:15 jioni.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwenye tiketi siku inabadilika saa sita usiku. Treni inayofika 00:10 ya tarehe 5 inafika usiku wa kuamkia tarehe 5, ambao wengi wetu mdomoni bado tunauita usiku wa tarehe 4. Anayekwenda kumpokea mtu wa namna hiyo atoke nyumbani tarehe 4 baada ya chakula cha usiku. Akisubiri tarehe 5 jioni, mgeni wake atakuwa ameshalala kwa watu.

Kwa hiyo ujumbe kwa msafiri usiandike namba ya tiketi peke yake. Siku hizi namwandikia mama mkubwa hivi: "Shikamoo mama. Safari ni kesho Jumatano ASUBUHI, treni inaondoka saa mbili na robo asubuhi. Bajaji itakuja kukuchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijatoka." Namtajia saa ya bajaji kwa sababu hiyo ndiyo saa inayomhusu. Kisha jioni nampigia na kumwomba anisomee mwenyewe alichoelewa.

Hatua ya 5: Funga mzigo kwa ajili ya mashine na ngazi

Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye masharti ya tiketi yako, na kinategemea daraja. Lakini zaidi ya kilo, fikiria mambo mawili: mzigo utapita kwenye mashine ya ukaguzi, na utaubeba mwenyewe kutoka geti hadi kitini. Hakuna buti ya chini, hakuna kijana wa kupanda juu ya paa. Roba moja kubwa ya mahindi iliyofungwa kamba ya katani inakushinda kwenye ngazi, lakini mabegi mawili ya kati yenye mishikio unayamudu.

Acha nyumbani vinavyowaka na vinavyolipuka: mtungi wa gesi, petroli, mafuta ya taa, fataki. Panga na visu virefu pia. Kuku hai usijaribu, mpe mtu wa basi au mpike kabla.

Zawadi ya Dodoma inayojulikana ni zabibu, na ndiyo inayoteseka kuliko zote. Nimeona mfuko mwembamba wa plastiki ukitoka upande wa pili wa mashine, umelaliwa na sanduku, juisi inachuruzika kwenye mkanda na mama mwenye mzigo anaona aibu mbele ya foleni nzima. Zabibu zifungwe kwenye boksi gumu lenye matundu, tabaka moja la mashada, gazeti chini, gazeti juu. Zichume au zinunue jioni ya kuamkia safari na uziache palipo na ubaridi. Zikiwa za moto zinatoa jasho ndani ya boksi na kuanza kuoza. Boksi lisipitishwe kwenye mkanda likiwa limebanwa. Subiri la mbele yako lipite, liweke peke yake. Karanga, ubuyu na unga wa mtama havina shida, ila unga ufungwe mara mbili.

Begi dogo la mkononi liwe na dawa za mzee, maji, kitenge au sweta. Mabehewa yana viyoyozi, na mtu wa Dodoma aliyetoka kwenye jua la saa nane hatarajii kwamba baada ya nusu saa atasikia baridi.

Hatua ya 6: Toka nyumbani mapema kuliko unavyodhani

Mimi napanga kuwa getini masaa mawili kabla ya treni. Si kwa woga. Ukaguzi, foleni na mwendo wa mzee vinakula muda, na geti linafungwa kabla ya treni kuondoka. Dakika ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya treni kuanza kusogea, siyo ya wewe kushuka kwenye bajaji.

Ukitokea Nzuguni, Mtumba au Chuo Kikuu, unavuka jiji zima, kwa hiyo ongeza saa nzima ya barabarani juu ya yale mawili. Kwa safari ya alfajiri usitegemee kupata bajaji ya kusimamisha njiani. Panga na dereva unayemjua jana yake, chukua namba yake na ya dereva wa akiba. Nauli mpatane kabla ya kuondoka, na mpatane kwamba anakuingiza hadi mahali pa kushushia abiria, asikuache barabarani na mzigo. Juni hadi Agosti asubuhi ya Dodoma ina upepo mkali wa baridi, na ndani ya bajaji unapenya pande zote mbili. Mfunike mtoto hadi masikio.

Hatua ya 7: Getini

Shika tiketi na kitambulisho mkononi kabla hujafika kwenye foleni. Tiketi inasomwa, jina linalinganishwa, mzigo unapita kwenye mashine, na wewe unapita kwenye mlango wa ukaguzi. Toa simu, funguo, sarafu na mkanda wenye kifungo kikubwa cha chuma, uviweke kwenye begi dogo mapema. Mwenye fimbo ya kutembelea aseme kwamba ni ya kutembelea. Mwenye kifaa cha moyo mwilini amwambie mkaguzi kabla ya kupita.

Msindikizaji asiye na tiketi haendi hadi jukwaani. Hili lijue mapema, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapoachana na wazazi wao kwa haraka, maneno yamekatika katikati. Kama mzee anasafiri peke yake, tafuta mhudumu kabla ya ukaguzi, msalimie, mwonyeshe tiketi, mwambie wazi: "Huyu ni mama yangu, haoni vizuri, anakwenda Dar, behewa namba fulani." Kama anahitaji kiti mwendo, omba hapo hapo, na uombe mapema. Mara nyingi pia nampata abiria mwenzake anayekwenda kule kule. Siku moja pale ukumbini bibi mmoja alitusikia tunaongea, akamwamkia mama mkubwa kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akaitikiwa, na kufikia wakati wa kupanda tayari walikuwa wamegundua wana ukoo mmoja. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi.

Hatua ya 8: Ukumbi, vyoo na ngazi za umeme

Ukumbi wa kusubiria ni mpana, una viti vingi na mbao za matangazo zinazoonyesha treni na saa, kwa mtindo ule ule wa saa 24. Kaa mahali unapoiona mbao na unaposikia kipaza sauti. Vyoo mwonyeshe mzee mapema, aende kabla foleni ya kupanda haijaanza, hata kama anasema hana haja. Chakula kipo cha kununua, lakini kwa mtu wa kisukari au wa vidonda vya tumbo nabeba cha nyumbani: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, chai kwenye chupa.

Sasa ngazi za umeme. Kwa wazee wengi wa Dodoma vijijini, Mkonze ndipo wanapokutana nazo mara ya kwanza, na sioni sababu ya kumharakisha mtu mzima kwa jambo ambalo macho yake hayajalizoea. Kuna lifti. Tumia lifti. Lifti ni ya mzee, mjamzito, mwenye mtoto mgongoni, mwenye fimbo na mwenye mzigo mzito. Huna haja ya kumwomba mtu radhi kuitumia.

Kama lifti imejaa na mzee yuko tayari kujaribu, fanya hivi. Simameni kando kwanza, mtazame jinsi ngazi zinavyoibuka: mwanzo ni bapa, kisha zinainuka. Mwonyeshe mstari wa njano wa pembeni, kwamba mguu usiukanyage. Pandisha pindo la kanga, dera au shuka juu ya kifundo cha mguu na ulikaze, kwa sababu kitambaa kinachoburuta ndicho kinachonaswa kwenye meno ya ngazi. Viatu laini vya mpira vya watoto vinanaswa vile vile, kwa hiyo mtoto wa kandambili au viatu vya matundu abebwe. Mkono mmoja wa mzee ushike mkanda wa pembeni, mwingine ukushike wewe. Wewe unasimama ngazi ya chini yake siku zote: mkipanda uko nyuma yake, mkishuka uko mbele yake. Mkikaribia mwisho mwambie "inua mguu", mkishatoka msisimame pale pale, songeni hatua tatu mbele kwa ajili ya walio nyuma. Mtu akianguka au nguo ikinaswa, mwanzoni na mwishoni mwa ngazi kuna kitufe chekundu cha kusimamisha. Kitafute kwa macho kabla hujakanyaga.

Hatua ya 9: Jukwaani

Subiri nyuma ya mstari wa usalama hadi treni isimame kabisa. Nyaya zile za juu zina umeme wa voti 25,000, na umeme wa namna hiyo unaweza kuruka kumfuata mtu kabla hajagusa waya. Usinyanyue fito, mwavuli mrefu wa chuma wala kijiti cha kupigia picha. Mwambie na kijana wako anayependa kujirekodi.

Tafuta namba ya behewa lako kabla ya mlango kufunguka, usiingie mlango wowote kwa kusema utatembea ndani. Na mzigo na mzee, kutembea ndani kwa mabehewa manne ni adhabu. Acheni wanaoshuka wamalize. Angalia pengo kati ya jukwaa na behewa, mpitishe mtoto kwa kumshika mkono.

Hatua ya 10: Njiani

Kaa kwenye kiti chako, begi kubwa palipotengwa, dogo miguuni. Mwonyeshe mzee kitufe cha kufungulia mlango wa choo na jinsi unavyofungwa kwa ndani.

Baada ya Gulwe milima inaanza kukaribia, na kuelekea Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki. Mwanga wa nje unapotea ghafla na mtandao wa simu unakatika, kwa hiyo simu muhimu ipigwe kabla. Reli ya zamani ilipita chini kule bondeni, kando ya Mto Mkondoa, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliisomba kiasi cha kusimamisha safari. Mama mkubwa anawakumbuka abiria wa miaka ile waliokwama Dodoma siku nyingi wakila kwa kukopa. Alipopita juu ya bonde lile kwenye SGR alinipigia simu kunisimulia, ikakatika handakini, akapiga tena upande wa pili.

Mambo yakienda kombo

Ukichelewa treni, nenda dirisha la tiketi mara moja, na tiketi yako, uulize masharti ya kubadilisha. Usiitupe kwa hasira. Ukijua mapema kwamba hutasafiri, shughulikia kabla ya saa ya kuondoka. Hapo una nafasi kubwa zaidi kuliko baadaye.

Treni nayo inaweza kusimama. Ni reli ya umeme, na umeme una yake: mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, TRC ilieleza kwamba hitilafu iliyosimamisha treni ilitokana na ngedere na bundi kwenye miundombinu ya umeme. Ikitokea, baki ndani ya behewa, sikiliza matangazo, usishuke kwenye reli. Na kama una rufaa ya hospitali, kesi mahakamani au ndege ya kuunganisha, usichague treni inayokufikisha saa moja kabla. Chagua iliyotangulia, au nenda jana yake.

Kwa anayeshuka Dodoma

Mpe mwenyeji taarifa ukiwa Igandu, kwa sababu kutoka hapo hadi Mkonze ni muda mfupi na yeye anahitaji muda wa kufika. Mkubaliane mahali pa kukutana panapoonekana, mnapotokea abiria, siyo "pale nje". Ukitoka, usikubali wa kwanza anayekunyang'anya begi. Tembea hadi kwenye maegesho, uliza nauli kwa madereva wawili, kisha panda.

Kama unaendelea Singida, Shinyanga au Mwanza kwa basi, stendi kuu ipo Nzuguni, upande wa pili wa jiji, barabara ya Dar es Salaam, jirani na Soko la Job Ndugai. Usikate tiketi ya basi la kuondoka muda ule ule treni inapofika. Ukifika usiku, lala mjini, uamke na basi la asubuhi. Kwa mgonjwa anayekwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwambie dereva kwamba ipo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, mpatane nauli ya hadi mlango wa mapokezi, na umkalishe mgonjwa kiti cha nyuma upande usio na jua.